Dakika 40, CRP ya Mama na kosa langu la vipimo

Najua nimepotea, na baadhi yenu mliniandikia barua pepe mkiuliza kama niliacha programu nikaenda kulima. Sikuacha, ingawa shamba nimeliona sana. Nilikuwa nyumbani Machakos nikimtunza Mama. Leo nataka niwaeleze kuhusu programu niliyoiandika huko, ambayo ilifanya kazi kama nilivyokusudia na ikanipotosha vibaya. Ni hadithi ndefu kidogo, kwa hivyo chukua chai.

Mama alipatwa na kiharusi Machi 2024. Ilikuwa asubuhi, yuko jikoni anapeta mbaazi, ungo ukamponyoka mkono wa kulia. Alipojaribu kumwita dada yangu, mdomo ukaenda upande. Jirani akawasha gari. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa na wakaona ni mshipa ulioziba, si uliopasuka. Presha yake ilikuwa juu, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuwahi kupimwa hata siku moja. Katika hilo hakuwa peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba asilimia 56 hawakuwahi kupimwa presha maishani. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na simu inayojua nilipo wakati wowote, lakini sikujua presha ya mama yangu.

Na kwa wale ambao bado wanadhani kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa mbali: watafiti waliohesabu viharusi vipya Tanzania kati ya 2003 na 2006, wakizunguka mtaa kwa mtaa, walipata takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 jijini Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Hiyo namba ya Dar ni kubwa kuliko zile za nchi nyingi tajiri.

Haya, turudi kwa Mama. Siku ya tatu wodini alipata homa na kikohozi. Hilo hutokea sana, kwa sababu koo lililolegea hupitisha mate na chakula kwenda kwenye mapafu. Daktari akaagiza kipimo kinachoitwa CRP. Jibu: 64. Sikujua 64 ni ya nini, lakini niliiandika kwenye simu. Mimi nikipewa namba huwa naiandika tu.

Usiku ule nikakaa kwenye benchi nje ya wodi nikisoma. Unajua ukijikata kidole kinavyovimba, kinakuwa chekundu, kina joto na kinauma? Hiyo ndiyo inflamesheni. Ni kinga ya mwili imefika mahali palipoumia. Ndani ya ubongo ni vivyo hivyo: seli zilizokosa damu zinakufa, kinga inakuja kufagia mabaki, na katika kufagia huko inaweza kuumiza hata seli za jirani ambazo zilikuwa zimenusurika. Huwezi kuona ubongo ukivimba kama unavyoona kidole, kwa hivyo madaktari hutafuta dalili zake kwenye damu. CRP ni moja ya dalili hizo. Ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kuna kitu kwenye damu kinachoshikamana na sehemu ya bakteria waliyokuwa wakiiita C, na jina likatokea hapo. Ini halijiamulii kuitengeneza, hupewa amri na kemikali nyingine, hasa ile inayoitwa interlukini-6, ambayo hapa nitaifupisha IL-6.

Kwa hivyo CRP ni kama ile taa nyekundu kwenye dashibodi ya matatu. Inakuambia kuna shida kwenye injini, haikuambii ni shida gani. (Na kama unavyojua, dereva wa matatu huifunika kwa stika.)

Mama alipata dawa, kifua kikatulia, CRP ikashuka hadi 22, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki ya sita tulirudi kliniki, ikawa 9.1. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu kati ya zile siku za wodini na wiki ya sita nilikuwa nimesoma mambo mengi kupita kiasi.

Nilichokisoma ni hiki, na mpaka leo nakiona kitamu. Ile IL-6 inayopanda mtu akiwa mgonjwa hupanda pia mtu akifanya mazoezi. Aliyelifuatilia jambo hili sana ni Bente Klarlund Pedersen na wenzake, Copenhagen. Walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi humwaga IL-6 kwenye damu, na kwamba baada ya mbio ndefu kama marathoni inaweza kupanda mara mia. Lakini IL-6 ya mazoezi haina tabia ya ile ya ugonjwa. Inakuja bila ile kemikali nyingine kali, TNF, inayotangulia wakati wa maambukizi, na nyuma yake inaleta kemikali za kutuliza. Mwaka 2003 kundi hilo lilifanya jaribio moja lililonifanya nisimame kutoka kwenye kiti: wanaume wenye afya waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa saa 3, na kabla hawajamaliza wakadungwa sumu kidogo ya bakteria. Walipodungwa siku ya kupumzika, TNF ilipanda. Walipodungwa wakiwa kwenye baiskeli, haikupanda. Kisha mwaka 2006 Christian Fischer akakusanya tafiti zilizokuwepo na kuonyesha kwamba kinachoamua zaidi IL-6 itapanda kiasi gani ni muda wa zoezi. Zaidi ya nusu ya tofauti kati ya zoezi moja na jingine inaelezwa na muda peke yake.

Muda! Si uzito, si mashine ya bei mbaya. Muda ni kitu ambacho hata simu yangu inaweza kukipima. Nikajiambia: Mama akitembea kwa muda mrefu zaidi, misuli itamwaga zile kemikali, CRP itashuka, ubongo utapona vizuri. Unaona jinsi sentensi hiyo ilivyonyooka? Mimi nilitoka kwa vijana wenye afya wanaoendesha baiskeli Denmark nikafika kwa mama wa miaka 61 mwenye mguu mmoja unaoburuta Machakos, na sikuona kwamba kuna mto katikati.

Basi nikaandika programu. Kwanza nilidhani ni kazi ya jioni moja, kwani simu zote siku hizi zina kihisi cha mwendo na zinahesabu hatua. Nikamwekea Mama simu mfukoni, akatembea na mkongojo wake kutoka mlangoni mpaka mwembe wa kwanza na kurudi. Hatua: sifuri. Akarudia. Hatua: 4. Mama akaniuliza kwa macho.

Shida ni kwamba programu za kuhesabu hatua hutafuta mtikisiko fulani, wenye nguvu fulani, unaorudi kwa mpigo sawa. Mtu aliyepooza upande mmoja hatembei hivyo. Anatembea polepole, hatua moja ndefu na moja fupi, mguu dhaifu anauzungusha kwa nje badala ya kuunyanyua. Kwa simu, hayo si kutembea, ni mtu anayehangaika kwenye kiti. Waliotengeneza hizo programu walijipima wao wenyewe wakienda kunywa kahawa, nadhani.

Nilihangaika siku nne. Mwishowe nikaitia simu ndani ya soksi na kuifunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, ule mzima, na nikaacha kabisa kuhesabu hatua. Nikahesabu dakika: kama katika sekunde 10 mguu umeinuka na kushuka angalau mara mbili, hizo sekunde 10 ni za kutembea. Rahisi namna hiyo. Nilikaa na saa ya ukutani nikilinganisha, na kwenye robo saa tofauti haikuzidi nusu dakika. Nilijivuna sana. Mama akaipa programu jina. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia moja moja, na kila jioni aliniuliza, "Soksi... imesema nini?"

Njia yetu ya kutembelea ilikuwa kwenye tuta. Shamba letu liko mteremkoni, limekatwa matuta ya fanya juu kama mashamba mengi huku Ukambani, na tuta la pili chini ya nyumba ni tambarare, mita 20 kutoka mwembe hadi mwembe. Hapo ndipo tulipokuwa tukienda na kurudi. Tulianza na dakika 15 kwa siku. Kila kitu kiliingia kwenye hifadhidata: tarehe, dakika, presha ya asubuhi, mapigo ya moyo, na safu moja niliyoiita "crp", ya namba zenye desimali. Kumbukeni hiyo safu.

Wiki ya saba 20. Wiki ya nane 30. Wiki ya tisa 40.

Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole ambaye hufika kwa bodaboda kila Alhamisi, alikuwa amesema tuongeze kidogo kidogo na tumsikilize Mama. Mimi nilisikia "tuongeze". Siku zake alikuja akafanya mazoezi yake ya mkono na bega, na mimi siku nyingine sita nilikuwa na soksi yangu. Mama alikuwa akisema, "Nimechoka, mwanangu." Nami nikiangalia simu nasema, "Bado dakika nane, mwaitu." Kumwita kwa Kikamba ilikuwa njia yangu ya kumlainisha. Naandika haya nikiwa na aibu.

Wiki ya kumi na mbili nikampeleka kupimwa damu kwa pesa yangu mwenyewe. Maabara ya kwanza ilikuwa na foleni, tukaenda nyingine mjini. Jioni matokeo yakaja kwa simu. CRP: 0.8.

Nikaingiza 0.8 kwenye hifadhidata na kuchora grafu. 64, 22, 9.1, 0.8, mstari unateremka kama barabara ya kutoka milima ya Iveti, na chini yake dakika zinapanda 15, 20, 30, 40. Nimeandika programu tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni na sijawahi kuona grafu nzuri kama ile. Nikamtumia dada yangu. Nikawatumia marafiki wawili wa kazini Nairobi. Mmoja akasema niiandikie makala. Kesho yake nikapandisha dakika hadi 55.

Siku ya tano ya dakika 55, Mama alianguka. Alikuwa kwenye dakika ya 43 (soksi ilirekodi), mguu wa kulia ukagota kwenye mzizi wa mwembe ambao alikuwa ameuvuka mamia ya mara, akaenda chini kwa goti na kwa bega lile bovu. Hakuvunjika kitu. Lakini bega lilimuuma wiki nne, na kwa wiki mbili alikataa kabisa kukanyaga lile tuta. Hakunilaumu. Alikuwa akinyamaza tu nikishika soksi.

Alhamisi dada wa fizio akaja. Nikamweleza, na ili kujitetea nikamwonyesha grafu. Akaiangalia kwa muda, akauliza kama nina makaratasi yenyewe ya maabara. Nikayatoa kwenye bahasha. Akayapanga mezani, akaweka kidole kwenye karatasi ya mwisho, pale pembeni ya namba, kwenye maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma.

"Ndugu yangu, hizi zingine ni miligramu kwa lita. Hii ni miligramu kwa desilita."

Lita moja ina desilita 10. CRP ya Mama haikuwa 0.8. Ilikuwa 8.

Niache nirudie kwa wale wasiopenda hesabu: baada ya kumkimbiza mama yangu kutoka dakika 15 hadi 40, CRP yake ilitoka 9.1 ikafika 8.0. Yaani haikwenda mahali. Maabara zote mbili zilifanya kazi yao sawasawa na kuandika kipimo chao wazi. Aliyetupa kipimo na kubaki na namba tupu ni mimi, mtu pekee katika hadithi hii aliyesomea mambo ya data.

Na jambo hili tulifundishwa! Darasani tulihadithiwa habari za Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa takwimu zake kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Tulicheka. Mhadhiri akatuambia tusicheke.

Baada ya hapo nilikaa usiku kadhaa nikiifumua ile grafu yangu, na kila nilipovuta uzi mwingine ulifuata. Chukua ule mteremko wa kwanza, 64 hadi 22 hadi 9.1. Nilikuwa nimeuhesabu kama mwanzo wa mafanikio, wakati Mama alikuwa hajatembea hata mita moja CRP ilipoanza kushuka. CRP iliyomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya takriban saa 19 ini likiacha kutengeneza nyingine. Piga hesabu: kutoka 96 hadi 3 ni nusu mara tano, saa 95, hazifiki hata siku 4. Kwa hivyo mtu yeyote aliyepimwa CRP akiwa na nimonia, halafu akapimwa tena baadaye, ataonekana amepona kwa sababu ya chochote ulichokuwa ukimfanyia katikati. Ungemwimbia nyimbo, grafu ingeteremka vilevile.

Wasomaji wa Machakos wanajua Kituluni, pale kilimani ambapo watu hushuka kwenye magari, wanamwaga maji barabarani na maji yanaonekana kupanda mlima. Nimewapeleka wageni wengi pale. Kila mtu anajua ni macho tu, kwamba milima inayozunguka imepinda ule upeo wa macho, na bado ukisimama pale unaapa maji yanapanda. Mimi nilisimama mbele ya kioo cha kipakatalishi changu kwa namna hiyohiyo.

Halafu kuna kuyumbayumba kwa kawaida. CRP ya mtu yuleyule, bila ugonjwa wowote mpya, hubadilika sana siku hadi siku. Mwaka 2003 taasisi mbili za Marekani, CDC na chama cha moyo cha AHA, zilipotoa viwango vya kutumia CRP kukadiria hatari ya moyo (chini ya 1 ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 kubwa, kwa miligramu kwa lita jamani, kwa lita), zilishauri mtu apimwe mara mbili, wiki mbili zikitenganisha, na uchukue wastani. Ikizidi 10, tafuta kwanza maambukizi, kisha upime upya baadaye. Mimi nilikuwa na vipimo vinne katika miezi mitatu, viwili vyake vya siku za ugonjwa, kimoja chenye kosa la desimali. Kwa hivyo nilikuwa na kipimo kimoja.

Mchezo haukuishia hapo. Wiki mbili baada ya kuanguka, Mama alipata homa tena, daktari akaagiza CRP, ikawa 31. Nikashikwa na wazo lingine, safari hii la upande wa pili: kumbe mazoezi marefu ndiyo yanapandisha inflamesheni! Nilikuwa tayari kuchora grafu mpya. Ilikuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, jambo la kawaida sana kwa waliopata kiharusi. Akapewa dawa, ikashuka. Yaani ndani ya miezi minne nilikuwa karibu nithibitishe mambo mawili yanayopingana kwa mama mmoja.

Sasa, je, muda wa mazoezi hauna maana? Una maana, na hapa ndipo nilipojifunza kusoma kwa mpangilio. Tafiti za Copenhagen ni za kweli, lakini zinaongelea kinachotokea kwenye damu ndani ya saa chache za zoezi kwa watu wenye afya. Kwa waliopata kiharusi, swali la dakika limepimwa kwa njia nyingine, na majibu hayako vile nilivyotaka. Lililo kubwa ni jaribio la AVERT lililochapishwa 2015: wagonjwa 2,104, hospitali 56, nchi 5. Nusu yao waliinuliwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na wakakaa nje ya kitanda kwa muda mrefu zaidi, takriban dakika 31 kwa siku, wakati wenzao walipata takriban 10. Kila mtu alitarajia wa dakika nyingi washinde. Baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46 katika kundi la dakika nyingi na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Walipochambua zaidi mwaka 2016 waliona kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa bega la Mama: kuinuka mara nyingi kwa vipindi vifupi kulienda pamoja na matokeo mazuri, na kurundika dakika kulienda pamoja na matokeo mabaya.

AVERT ni ya siku za mwanzo kabisa, na Mama alikuwa mwezi wa tatu, kwa hivyo siwezi kuihamisha tu kama nilivyohamisha baiskeli za Denmark. (Naona najifunza.) Lakini hata baadaye mambo hayajanyooka. Ujerumani walichapisha mwaka 2019 jaribio la watu 200 waliokuwa wiki chache baada ya kiharusi: kundi moja kinu cha kutembelea dakika 25, mara 5 kwa wiki, kwa wiki 4, na jingine mazoezi ya kutulia na kupumzika. Waliotembea kwenye kinu hawakuwazidi wenzao kwa kasi ya kutembea wala kwa kujitegemea, na waliopata madhara makubwa walikuwa wengi zaidi upande wao.

Mwongozo wa Marekani wa 2014 kwa waliopata kiharusi unasema mazoezi ya kupandisha pumzi siku 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 20 hadi 60, au kuyavunja vipindi vya dakika 10. Soma tena: 40 imo ndani. Hata 55 imo. Kilichokosekana kwangu ni kwamba mwongozo huo unapanga ugumu wa zoezi kwa mapigo ya moyo na kwa jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojisikia, na hakuna mahali unaposema pandisha dakika mpaka CRP ishuke. Kipimo cha "nimechoka, mwanangu" kilikuwa kwenye mwongozo. Mimi ndiye sikuwa na safu yake kwenye hifadhidata.

Nilimuuliza dada wa fizio yeye anapima nini. Akasema presha kabla na baada, mapigo, kama Mama anaweza kuongea sentensi akitembea bila kukata pumzi, na sekunde anazotumia kwa mita 10. Akatoa chaki mfukoni akachora mistari miwili kwenye sakafu ya kibaraza. Mama alitumia sekunde 31. Akaniambia niandike, na nikaandika "sekunde" mbele ya namba kabla sijaambiwa.

Kisha akamgeukia Mama akamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: "Mama, wewe unataka mkono huu ufanye nini?"

Mama ni msusi wa vyondo. Amesuka tangu akiwa msichana, ada yangu ya muhula wa kwanza chuoni ilitoka kwenye vyondo na maembe. Alichukua muda kulitafuta neno, akalipata: "Kamba." Alitaka kusokota kamba ya katani kwenye paja kama zamani. Miezi minne nilimtembeza mwembe hadi mwembe kwa sababu simu inaweza kuhesabu miguu, na haiwezi kuhesabu katani.

Nimeiandika programu upya. Hakuna namba inayoingia bila kipimo chake, nimeizuia kabisa, na miligramu kwa desilita inageuzwa yenyewe kabla ya kuhifadhiwa. Safu ya CRP ipo lakini iko tupu tangu Agosti 2024, kwani daktari akihitaji kipimo hicho ataagiza mwenyewe. Kuna safu ya uchovu, 0 hadi 10, na anayeijaza ni Mama, si mimi: anabonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na hilo nalo dada wa fizio anasema ni zoezi. Kuna nafasi ya kuandika maneno aliyosema. Na kengele ambayo zamani ililia kumwambia aendelee, sasa inalia kila baada ya dakika 10 kumwambia akae.

Mita 10 sasa ni sekunde 19. Tuta tunalitembea asubuhi, saa nne na jioni. Mchana anakaa kwenye mkeka na fungu la katani, mkono wa kushoto ukisokota na wa kulia ukishikilia, na mpaka sasa ametengeneza kitako cha kiondo kimoja, ukubwa wa kisahani, kimepinda upande. Alikifumua mara mbili. Mara ya tatu amekiacha.

Nitaiweka programu hapa bure nikishasafisha msimbo. Kwa sasa ina hitilafu moja: kengele inalia kila dakika 10 hata soksi ikiwa imeanikwa kwenye kamba. Jana imeamsha nyumba nzima saa tisa usiku.